Barua ya wazi kwa Bunge la Marekani: anayevunja haki ni serikali, anayefutwa kazi ni mshonaji

Kwa Waheshimiwa Wajumbe,
Kamati ya Ways and Means, Baraza la Wawakilishi,
na Kamati ya Fedha, Seneti,
Washington, Marekani.

Nakala: Ofisi ya Mwakilishi wa Biashara wa Marekani, wizara za biashara za Afrika Mashariki

MINT: KIFUNGU CHA HAKI ZA BINADAMU KATIKA SHERIA YA AGOA (SHERIA YENU INAYORUHUSU BIDHAA NYINGI ZA NCHI ZA AFRIKA ZINAZOTIMIZA MASHARTI KUINGIA MAREKANI BILA USHURU)

Waheshimiwa, salamu kutoka Athi River.

Mimi ni opereta wa mashine kwenye kiwanda kimoja cha nguo hapa EPZ, yaani eneo la viwanda vinavyouza nje ya nchi, kazi yangu ni kushona kiuno cha suruali za jinzi, hizo ambazo pengine hata ninyi mnazivaa wikendi. Hii barua isingekuwa ya wazi kama njia za kimya zingefanya kazi. Wafanyikazi wa laini yetu tuliandika maoni, tukayapitisha kwa mwakilishi wetu wa chama, yakatumwa kwa barua pepe kwa ofisi inayohusika, jibu likarudi la kutushukuru kwa maoni yetu na tangu hapo kimya. Upande wa serikali yetu wenyewe tukaambiwa mambo ya Washington yanashughulikiwa na wakubwa. Haya basi, nimeamua kuandika hadharani na kwa lugha yangu, wakalimani mnao.

Nianze na hili ili tusikosane mapema. Sipingi mtu kuuliza habari za haki za binadamu kabla ya kufanya biashara na nchi. Tarehe 25 Juni 2024 vijana wetu walipigwa risasi Nairobi kwa sababu ya kupinga Mswada wa Fedha, wengine wakatekwa na watu wenye magari yasiyo na namba, na kwenye laini yetu kuna wamama ambao watoto wao walikuwa barabarani siku hiyo. Kwa hivyo mtu asije kuniambia kwamba mimi nataka Marekani ifumbe macho. Shida yangu ni hii: kesho mkikaa huko na kuamua Kenya imevuka mpaka, aliyefyatua risasi ataenda kazini kama kawaida na mshahara wake utaingia, mama wa kijana aliyepigwa ndiye atakayeambiwa na supavaiza arudishe kadi ya gate. Yaani familia moja inaadhibiwa mara mbili, kwanza na serikali yake halafu na sheria iliyoandikwa kwa ajili ya kuitetea.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Mnaowapiga sio waliokosa.

Sheria inasema nchi inayokiuka kwa kiwango kikubwa haki za binadamu zinazotambulika kimataifa haistahili AGOA, na Rais wa Marekani anaangalia kila mwaka nani abaki nani atoke. Sawa. Sasa angalieni Madagascar. Machi 2009 Andry Rajoelina alichukua nchi kwa msaada wa wanajeshi, na kuanzia 1 Januari 2010 Madagascar ikawa nje. Viwanda vya Antananarivo vilikuwa vinashonea Marekani, oda zikahama, maelfu kwa maelfu ya wafanyikazi wakaenda nyumbani, wengi wao wanawake. Na Rajoelina je? Alikaa ikulu mpaka Januari 2014. Nchi ikarudishwa Juni mwaka huo, na yeye mwenyewe akarudi kwa uchaguzi, akaapishwa tena 2019. Nitajieni ni siku gani katika hiyo miaka yeye alikosa chakula cha jioni kwa sababu ya AGOA.

Uganda ndio hivyo hivyo. Sheria yao dhidi ya mashoga ilisainiwa Mei 2023, ikatangazwa Oktoba kwamba Uganda itatolewa, ikatoka 1 Januari 2024. Aprili 2024 mahakama yao ya katiba ikaiacha sehemu kubwa ya ile sheria isimame. Sasa ni nani huko Kampala aliyebadilishwa mawazo?

2. Sheria yenu ya kwanza ya namna hii ilikuwa na mantiki, hii yetu mantiki imepotea njiani.

Nimesoma kidogo (usiku, kwa simu, bando zikiniishia katikati ya sentensi). Mwaka 1974 Seneta Henry Jackson na mbunge Charles Vanik waliweka kipengele kwenye sheria ya biashara kikisema nchi yenye uchumi wa kikomunisti inayowazuia watu wake kuhama haitapata ushuru nafuu. Walikuwa wanawafikiria Wayahudi wa Urusi ya Kisovieti, ambao kuanzia 1972 waliambiwa walipie elimu yao ndipo waruhusiwe kuondoka. Rais Ford akaisaini Januari 1975. Watu wanabishana mpaka leo kama ilisaidia, hiyo sitaki kuingia. Ninachosema ni kwamba kule Moscow muuzaji alikuwa ni serikali yenyewe. Kiwanda cha serikali, meli ya serikali, dola zinaingia kwa serikali. Ukibana biashara umembana aliyewafungia watu mlango.

Kwetu ni kinyume kabisa. AGOA yenyewe inataka kwanza nchi iwe na uchumi wa soko au iwe inaelekea huko. Tukatii. Hapa EPZ viwanda ni vya watu binafsi, wengi wawekezaji kutoka Asia, serikali haimiliki hata sindano. Halafu serikali ikikosea mnalipiga lile soko mlilotuambia tulitenganishe na serikali! Mwenye kiwanda atapakia mashine zake kwenye kontena aende nchi nyingine, na nimesikia kwa masikio yangu bosi mmoja akisema kwamba mashine hazina uraia. Mimi sina pa kupakiwa.

3. Maumivu hayaendi kulingana na kosa, yanaenda kulingana na unachouza.

Hapa naomba mnisikilize vizuri kwa sababu sijawahi kusikia mtu akijibu. Burundi ilitolewa 1 Januari 2016 baada ya Rais Nkurunziza kung'ang'ania muhula wa tatu na watu kuuawa Bujumbura. Lakini Burundi inauza kahawa, na kahawa mbichi inaingia Marekani bila ushuru iwe una AGOA au huna. Kwa hiyo serikali ya Bujumbura ilipoteza jina kwenye orodha, pesa haikuguswa, na Nkurunziza akabaki rais mpaka kifo chake Juni 2020. Kongo ya Kinshasa ilitolewa 2011 kwa sababu ya maovu ya vita, ikarudishwa 2021, miaka 10 nje. Kobalti, yale madini ya betri, ya Kolwezi haikuhitaji AGOA hata siku moja, ilichimbwa na ikauzwa kama kawaida na wakubwa wakala kama kawaida.

Sasa linganisha na suruali ya jinzi ya pamba, ambayo ushuru wake wa kawaida Marekani ni asilimia 16.6, au fulana ya poliesta ambayo ni asilimia 32. Hizo ndizo bidhaa ambazo bila AGOA mnunuzi anakimbia. Kwa lugha nyingine, madini na mafuta ambayo ndiyo yanayolisha watawala wabaya yanapita, nguo ambayo inalisha msichana aliyetoka kijijini inasimamishwa mlangoni. Kama mngetaka kutengeneza adhabu inayomruka mkubwa na kumtafuta mdogo, sijui mngeibadilisha wapi.

Ethiopia ndio mfano unaoniuma zaidi kwa sababu ni watu wa kazi yangu. Bustani ya viwanda ya Hawassa ilifunguliwa 2016, ikachukua maelfu ya wasichana wa Sidama, wengi hiyo ilikuwa kazi yao ya kwanza ya mshahara. Vita vikaanza Tigray Novemba 2020, mbali kabisa na Hawassa. Tarehe 2 Novemba 2021 ikatangazwa Ethiopia itatolewa, na kabla mwezi haujaisha kampuni ya nguo ya PVH, ambayo ndiyo iliyokuwa mteja mkubwa aliyevuta wengine, ikatangaza kufunga kiwanda chake pale. Mkataba wa kusimamisha vita ukasainiwa Pretoria Novemba 2022. Mwaka 2024 ukaja, 2025 ukaja, Ethiopia bado ilikuwa nje. Wale wasichana hawakuwa na bunduki wala hawakuulizwa.

4. Wengine hamkuwafanyia hivi.

Mwaka 1993 Rais Clinton alisema China itapimwa kwa haki za binadamu kabla ya kuongezewa nafuu ya ushuru mwaka unaofuata. Mei 1994 akakiri kwamba maendeleo makubwa hayakuonekana, na akaongeza nafuu hivyo hivyo, akatenganisha mambo hayo mawili, kwa sababu biashara ilikuwa kubwa mno. Halafu mwaka 2000 ndio unaonishangaza. Tarehe 18 Mei Clinton anasaini AGOA, sisi tunawekewa mtihani wa kila mwaka. Tarehe 10 Oktoba mwaka huo huo anasaini sheria ya kuipa China nafuu ya kudumu, mtihani wa kila mwaka unafutwa. Rais yule yule, miezi mitano katikati.

Urusi nayo, Desemba 2012 mliiondolea kipengele cha Jackson na Vanik, na ndani ya sheria ile ile mkaweka ya Magnitsky: maofisa waliohusika na mateso na mauaji wanakatazwa visa na mali zao zinafungwa, mtu kwa jina lake. Mwaka 2016 mkaipanua ihusu dunia nzima. Kwa hiyo chombo cha kumpata mkosaji mnacho, tena mmekitengeneza wenyewe.

Na Mexico, kwenye mkataba wenu wa biashara ulioanza 1 Julai 2020, mliweka utaratibu wa kushughulikia kiwanda kimoja kimoja. Kiwanda cha General Motors cha Silao kililalamikiwa 2021 kuhusu kura ya chama cha wafanyikazi, kura ikarudiwa, Februari 2022 wafanyikazi wakachagua chama kipya. Hakuna aliyeifungia Mexico nzima. Sisi huku hatujawahi kupewa hata nusu ya hiyo. Kampala mwaka 2003 wale walioitwa wasichana wa AGOA waligoma kwenye kiwanda cha Bugolobi, mamia wakafukuzwa, mpaka wakaenda kukaa bungeni, na nafasi ya Uganda kwenye AGOA haikuguswa. Yaani mfanyikazi akionewa ndani ya kiwanda cha AGOA chenyewe hakuna la kufanyika, rais akikosea mbali na kiwanda, kiwanda kinafungwa.

5. Ilipokuwa mitumba mlijua kupunguza adhabu.

Hii ni fupi. Nchi za Afrika Mashariki zilipopandisha ushuru wa nguo za mitumba, chama cha wafanyabiashara wa mitumba cha Marekani kilipeleka malalamiko Machi 2017 na kikasikilizwa haraka. Kenya ilikuwa imeshalegea, Tanzania na Uganda zikarudi nyuma, Rwanda ikakataa. Mkaifanya nini Rwanda? Mwisho wa Julai 2018 mkaisimamishia nguo tu, bidhaa zingine zikaendelea. Mlitumia uwezo ambao bunge lenu liliuweka mwaka 2015 wa kusimamisha au kupunguza sehemu badala ya kuitoa nchi yote. Kwa marobota ya mitumba mlipima. Kwa damu ya watu hampimi, mnaifuta nchi nzima kwa tangazo moja. Na mlalamikaji wa marobota alipata kikao, mimi nikapata barua pepe ya asante.

6. Siku 60 hazitoshi hata oda moja.

Hiyo 2015 mliweka pia notisi ya siku 60 kabla ya nchi kutolewa, na nashukuru, kabla ya hapo ilikuwa mbaya zaidi. Lakini njooni muone oda inavyokwenda. Kitambaa kinatoka China au India kwa meli, kinafika Mombasa, kinapanda mpaka hapa, kinakatwa, sampuli inatumwa inasubiriwa ikubaliwe, ndipo inaingia kwenye laini. Tageti inaandikwa kwenye ubao mweupe kila saa, ukibaki nyuma jina lako linaitwa. Halafu kontena linarudi Mombasa na linakaa baharini zaidi ya mwezi. Ushuru unahesabiwa siku mzigo unapoingia Marekani, sio siku tulipoushona, kwa hiyo mnunuzi mwenye akili hasubiri siku 60 ziishe. Anaacha kutoa oda siku ile ile ya tangazo, na mara nyingine anaacha kwa uvumi tu. Sisi tuliliona hilo hata bila kosa lolote, wakati muda wa AGOA ulipokuwa unaelekea kuisha 30 Septemba 2025: meza ya kukatia ikaanza kubaki tupu mchana, kandarasi zikawa za miezi michache michache, na wenye plot za Kitengela na Mlolongo wakaanza kuuliza kodi mapema kwa sababu na wao wanasikia habari.

Najua mtakachojibu, maana nimeshasikia.

Mtasema AGOA ni msaada, sio haki, na anayetoa ana haki ya kuweka masharti. Ni kweli mnaweza kuweka masharti. Lakini msaada gani huu ambao mpokeaji anatakiwa aondoe vikwazo kwa bidhaa zenu na uwekezaji wenu ndio astahili? Na jinzi inakuwa rahisi dukani kwenu, sio kwetu.

Mtasema adhabu inafanya kazi, mtazame Swaziland. Haya tutazame, kwa sababu huo ndio mfano wenu bora. Ilitolewa 2015 kwa kubana vyama vya wafanyikazi na uhuru wa kukusanyika, ikabadilisha sheria zake, ikarudishwa 2018. Sikatai, kitu kilisogea, na kilisogea kwa sababu walipewa orodha ya mambo yanayoeleweka ya kutekeleza. Lakini Juni 2021, ikiwa inaitwa Eswatini na iko ndani ya AGOA, watu waliuawa kwa makumi wakidai demokrasia. Kwa hiyo sheria ilirekebishwa karatasini na viwanda vilivyofungwa katikati havikurudi vyote. Mkitaka mfano mzuri kuliko huo nendeni Lesotho 2019, ambako baada ya kufichuliwa unyanyasaji wa kingono kwenye viwanda vya nguo vya kampuni ya Nien Hsing, vyama vya wafanyikazi, mashirika ya wanawake, mwenye viwanda na wanunuzi kama Levi Strauss walisaini makubaliano yenye meno, kwamba asiyetii anakosa oda. Mkosaji akabanwa, kazi ikabaki.

Mtasema pia kwamba siku hizi AGOA ni jambo dogo, ushuru mpya ulikuja kwa kila mtu Aprili 2025, Kenya ikiwekewa asilimia 10 na Lesotho ikitajiwa 50. Waheshimiwa, hiyo inanipa nguvu mimi, sio ninyi. Kama ushuru unaweza kupandishwa kwa nchi yoyote bila hata kutaja haki za binadamu, basi pale mnapozitaja mjue tunawaangalia kama mnamaanisha.

Ninachoomba, na naomba kiingie kwenye maandishi ya sheria kila mtakapokaa kuijadili AGOA au itakayokuja baada yake:

Kwanza, kabla nchi haijatolewa kwa sababu ya haki za binadamu, maofisa waliotoa amri wawekewe vikwazo kwa majina yao chini ya Magnitsky, na Rais aeleze kwa maandishi kwa nini hilo halikutosha.

Pili, hatua iwe ya ngazi. Ianze na kinachowagusa watawala, nguo na bidhaa zinazoajiri watu wengi ziwe za mwisho. Uwezo mnao tangu 2015, ufanyeni uwe wa lazima kwenye kesi za haki za binadamu.

Tatu, sababu za kutolewa zichapishwe kwa orodha inayoeleweka, pamoja na masharti ya kurudi na tarehe ya kuangaliwa upya, ili yaliyoipata Ethiopia yasimpate mwingine, kukaa nje hujui umebakiza nini.

Nne, oda ambazo zimeshakubaliwa siku ya tangazo zimalizwe kwa ushuru wa zamani, hata kama mzigo utafika baada ya Januari.

Tano, mpeni mfanyikazi wa kiwanda cha AGOA njia ya kulalamika kuhusu kiwanda chake kama mliyowapa wa Mexico, na aweze kulalamika bila kupitia kwa wizara ya serikali yake. Kuna mambo ya kandarasi fupi na mengine ya usiku ambayo tungeyaandika kesho asubuhi kama tungejua yatamfika mtu.

Sita, mnapofanya kikao cha hadhara kuhusu nchi gani ibaki, mtu anayefanya kazi kwenye laini asikilizwe, hata kwa simu. Kwenye mikutano ya AGOA wanakuja mawaziri na wenye makampuni, Nairobi iliandaa mkutano huo 2009 na Johannesburg 2023, mimi sijakutana na mshonaji hata mmoja aliyeketi kwenye zile meza zenye maji ya chupa.

Wizara zetu ambazo nimewapa nakala, msifurahi sana. Hakuna ninachoomba hapa ambacho kingekuwa na haja kama msingekuwa mnaua na kuteka watu. Na nyinyi pia nataka majibu.

Namba ya simu na jina langu mwakilishi wetu wa chama anayo na atawapa mkimuuliza rasmi. Sikuviandika hapa kwa sababu kandarasi yangu inakaribia kuisha na nataka iongezwe.

Wenu mwaminifu,
Opereta, laini ya jinzi,
EPZ Athi River, Kenya